Bili ya Umeme ya Mwaka Aliokuja Bibi

Siku hizi nakaa Harrow, na muhogo naupata hapa hapa, lakini kila baada ya miezi michache hupanda treni, kisha basi, mpaka Peckham kwa kisingizio cha kwenda sokoni. Safari ya mwisho, Januari hii, basi lilibadilisha njia kwa sababu barabara kubwa ilikuwa imechimbwa. Likakata kushoto, na kabla sijajiweka sawa nikaona tunapita mtaa wetu wa zamani. Nikabonyeza kengele nikashuka. Sijui nilitaka nini. Nilisimama upande wa pili wa barabara na mfuko wangu wa ndizi mbichi, nikaitazama ile nyumba ya matofali ya manjano tuliyopanga sehemu yake ya chini nilipokuwa na miaka tisa. Imepakwa rangi sasa, na mlango wake ni wa kijani cha kuvutia. Mwanamke mmoja akafungua, akatoka kuweka mfuko wa takataka kwenye pipa. Alivaa fulana nyepesi, miguu mitupu, na nje theluji ilikuwa bado haijayeyuka pembeni mwa njia. Akarudi ndani bila haraka. Miguu mitupu, katika nyumba ile, mwezi wa Januari. Nilikaa juu ya ukuta wa jirani nikalia mpaka mpita njia mmoja akaniuliza kama nimeanguka.

Nikueleze basi, maana sijapata kumweleza mtu yote kwa pamoja.

Tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alitoka asubuhi moja kwenda kazini, Unguja, miaka michache baada ya Mapinduzi, mimi nikiwa bado natambaa, na hakurudi. Mama alimngoja, kisha watu waliomtakia mema wakamwambia aache kungoja. Tukavuka kwenda Mombasa, na baadaye, kwa msaada wa kaka yake aliyekuwa ametangulia, tukafika London. Mjomba alikaa Hayes, akipakia mizigo kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Mama akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali upande wa kusini, na ndiyo maana sisi tukapanga Peckham.

Ilikuwa nyumba moja iliyogawanywa. Sisi chini tulikuwa na chumba kimoja kikubwa, jiko, na bafu lililojengwa nyuma kama kibanda. Juu yetu alikaa mzee mmoja wa Kiayalandi aliyekuwa amestaafu kazi za ujenzi. Nilimpenda kwa sababu aliniita kwa jina langu lote bila kulivunja. Nikipelekwa kumpa sahani ya sambusa, hufungua mlango akiwa na fulana ya ndani tu, na joto la chumbani kwake hunipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya wali. Mwenye nyumba alikuwa bwana mtaratibu wa koti la sufi, anayekuja Ijumaa kuchukua kodi na kuniuliza habari za shule. Kiangazi kimoja alileta fundi, wakang'oa lile jiko la gesi la ukutani tulilokuwa tukiota moto, wakaweka hita ya umeme yenye rangi ya malai. Umeme ni safi, alisema, na hauna harufu. Fundi alishinda siku nzima akipanda na kushuka ngazi na nyaya zake. Mama aliwapikia chai ya tangawizi.

Kiangazi hicho hicho ndipo alipokuja bibi, mama yake baba. Huko nyumbani hakubakiwa na mtu wa kumtazama. Mwanawe alikuwa huyo mmoja. Mjomba alihangaika na makaratasi yake kwa muda mrefu, na siku aliposhuka uwanja wa ndege alikuwa na kikapu cha ukindu, buibui lake, na pakacha la embe ambalo maofisa wa uwanja walilizuia. Mama alimbusu mkono, wakasimama vile wamekamatana, wanawake wawili waliompoteza mtu mmoja, na hakuna aliyemtaja.

Sijui kama umepata kukaa na bibi wa kwetu. Mimi nilikuwa simjui, na kwa wiki moja tu akawa ndiye mtu wangu. Aliniita mke mwenzangu. Alinisuka nywele kwa mafuta ya nazi, akanifundisha kupeta mchele ingawa mchele wa dukani hauna cha kupetwa, na nilipotoka shule nilimkuta ananingojea dirishani. Zaidi ya yote alipika mkate wa kumimina. Duka la Mhindi liliuza unga wa mchele na nazi kavu. Bibi akachanganya kwa hamira na iliki na sukari, akauacha uumuke, kisha akauoka kwenye kikaango, chini moto wa jiko na juu moto wa kuchomea nyama, kwa vile makaa ya kuweka juu ya mfuniko hayakuwapo. Mama alipoonja mara ya kwanza aliweka kipande mezani, akageuka ukutani.

Septemba mkate uliumuka. Oktoba ukaanza kukataa. Bibi huutazama unga ule kwenye bakuli, umelala kama maji, akasema nchi hii hata hamira inaona baridi. Basi akawa analiweka bakuli juu ya kiti karibu na hita, akilifunika kwa kanga, na kuiwasha. Hita ikishika moto hulia tik, tik, tik, na chumba hunuka vumbi linaloungua, halafu polepole harufu ya iliki huja juu yake. Mpaka leo mtu akiwasha hita ya zamani mimi husikia njaa. Alikuwa akiiwasha pia akitoka kutawadha, asimame na miguu yake ya maji juu ya msala mpaka amalize sala. Mama hakujua, kwa sababu mama aliondoka alfajiri na kurudi saa kumi na moja jioni, na saa hiyo mkate umeshaiva na hita imeshapoa.

Bili ilikuja wiki ya kwanza ya Desemba. Mama alikuwa na Kiingereza cha kazini, cha kupokea amri na kusema ahsante. Barua zote nilisoma mimi. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, miguu haifiki chini, naye amesimama na koti bado mwilini. Nikaisoma hesabu. Akaniambia nisome tena, huenda nimeruka nukta. Nikasoma tena. Ilikuwa mshahara wake wa wiki saba. Akaichukua ile karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba upande wa pili kungekuwa na maelezo mengine, halafu akauliza, bila ukali, kama anayejiuliza mwenyewe, kwani hita huwashwa mchana.

Bibi alikuwa bafuni anatawadha. Maji yalisikika. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema bibi huiwasha akisali, na huiwasha kwa ajili ya unga wa mkate, na siku nyingine nikirudi shule naikuta inawaka hata unga hakuna. Nililitoa lote, kwa moyo mweupe, kama mtoto aliyeulizwa swali darasani na jibu analo.

Tangu bibi afike, hawa wawili hawakuwa wametupiana neno kali. Mama alimngoja atoke, mikono ya bibi inatiririka maji, akamwambia, "Mama, huku joto linanunuliwa. Huo mkate wako umekula kodi yetu ya nyumba."

Bibi alisimama. Alinitazama mimi kwanza, si kwa lawama, alinitazama tu, ndipo akamtazama mama. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Sikujua."

Mama alitaka kuongeza jambo, niliuona mdomo unacheza, lakini bibi alikuwa ameshatandika msala. Jioni ile mama alichana kitambaa akakifunga kwenye swichi ya hita. Hakumfungia bibi, alisema, amejifungia mwenyewe, asije akasahau. Mkate wa kumimina haukupikwa tena nyumbani kwetu. Bibi akasema kweli hana baridi, mwili wa kizee hausikii. Akavaa masweta mawili ya mama na soksi zangu za shule, buibui juu, na tukicheka anatuangalia kwa furaha kama aliyetupa zawadi.

Ukuta wa upande wa bafu ulitoa jasho, kisha ukatoa ukungu mweusi. Asubuhi niliona pumzi yangu kitandani. Mama alilipa bili ile kwa kukopa nusu kwa mjomba na kuchukua zamu za Jumapili, na akawa anarudi amechoka kiasi kwamba hula amefumba macho.

Siku moja ya Januari tulirudishwa nyumbani mapema, mabomba ya shule yaliganda. Nikapita mbele ya duka la kufulia nguo kwa mashine, lile la pembeni, mama mmoja wa Jamaika ndiye aliyelishughulikia. Kioo kilikuwa na mvuke. Ndani, kwenye benchi iliyoelekea mashine za kukaushia, nikamwona bibi. Amekaa wima, mfuko wa nailoni mapajani, viganja amevielekeza kwenye mashine inayozunguka, vile vile mtu anavyoota moto wa kuni.

Niliingia. Hakushtuka sana. Ndani ya mfuko mlikuwa na taulo moja kavu, ambalo alikuwa akija nalo kila siku ili aonekane amekuja kufua. Nikishakwenda shule tu naye hutoka, akakaa pale mpaka unapokaribia wakati wangu wa kurudi. Yule mama wa Jamaika alikwishamfahamu. Hawakuwa na lugha moja, lakini alimpa mashuka ya wateja ayakunje, na chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa, na bibi aliyakunja kwa ustadi, pembe kwa pembe, kwa sababu hakutaka kukaa bure. Ile saa moja niliyokaa naye benchini ndiyo saa ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu. Joto, harufu ya sabuni, mashine zinavuma, na bibi ananihadithia habari za baba alipokuwa mdogo, alivyokuwa akiogopa bata.

Tulipotoka akanishika bega. "Usimwambie mama yako," akasema. "Atasikia aibu, watu waseme mkwe wake anakwenda kuota moto kwa watu."

Nikaahidi. Safari hii nilitaka sana kuwa mtoto wa kuaminika.

Katikati ya Februari duka likafungwa. Mashine kubwa ya kuchemshia maji iliharibika, na yule mama akaweka karatasi mlangoni. Bibi akabaki nyumbani. Kikohozi kikaanza, kikavu kwanza, halafu cha ndani. Mama alimnunulia dawa ya maji, akampikia supu, akamwambia awashe hita saa moja kila siku. Bibi alisema ahsante mwanangu, nitawasha. Kitambaa kilibaki pale pale kwenye swichi, na fundo ni lile lile, mimi nililiangalia kila siku.

Bili ya pili ilifika mwanzoni mwa Machi. Nilisoma hesabu, nikasoma upya. Ilipungua kidogo sana, kiasi cha kutukana. Mama alikaa chini. Bibi alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni.

"Mama," mama akasema, "hita imewaka?"

"Wallahi sijaigusa."

"Basi nani?"

Mimi nilikuwa na daftari langu mbele yangu. Ningeweza kusema kwamba mpaka duka lilipofungwa bibi hakuwa hata akishinda nyumbani. Ningeweza kusema fundo halijafunguliwa. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimeahidi, na ile mara ya kwanza niliposema nilikuwa nimeona yaliyotokea, basi nikainamia daftari nikaendelea kuchora mistari. Mama akaondoka akaingia jikoni. Bibi aligeuza uso ukutani, kwenye ule ukungu.

Siku ya tatu hakuweza kuinuka kusali. Gari la hospitali likaja. Ilikuwa hospitali ile ile ya mama, na alilazwa juu ya mashuka ambayo mama mwenyewe huenda aliyafua. Madaktari walisema ni nimonia, na wakauliza nyumbani tunapashaje joto. Mimi nikatafsiri swali, mama akatazama sakafu, nikalazimika kubuni jibu. Wodi ilikuwa ya moto kweli kweli, watu wanajipepea kwa magazeti. Bibi alisukuma blanketi kwa mguu. Akanivuta karibu, sauti yake imebaki upepo tu.

"Huku raha, mke mwenzangu," akasema. "Joto la bure."

Alilipata siku tano. Ya sita tukaitwa.

Tulimzika mashariki ya mji, kwenye makaburi ya Waislamu, ardhi ngumu mpaka wachimbaji walitumia mashine. Baadaye mjomba akataka tukakae naye Hayes siku chache za matanga. Tulirudi Peckham pamoja naye kuchukua nguo. Ilikuwa mchana, jua dogo jeupe dirishani. Mama alikusanya vitu vyetu, halafu akaingia kwenye kabati la chini ya ngazi ilipokuwa mita yetu na kuizima swichi kubwa, ile ya umeme wetu wote, ambayo hatukuwahi kuigusa. Aliogopa hata friji. Alisema hataki kitu chochote kitumie hata senti moja tukiwa hatupo.

Juu yetu redio ilikuwa ikiimba. Ikanyamaza.

Tukasikia hatua, mlango, na yule mzee wa Kiayalandi akashuka taratibu amevaa sapatu. Alimpa mama pole kwanza. Kisha akasema umeme wake umekatika, redio imezima na hita imezima, je, na kwetu pia? Mjomba akatafsiri. Mama alikuwa bado amesimama kabatini, mkono juu ya swichi. Akaipandisha. Redio juu ikaanza kuimba. Akaishusha, ikanyamaza. Akaipandisha tena. Alifanya hivyo mara tatu, na sisi watatu tumesimama tunasikiliza.

Akamwuliza mzee, kwa Kiingereza chake mwenyewe, bili yake ya umeme hulipa wapi. Mzee akasema yeye halipi bili. Umeme umo ndani ya kodi yake, mwenye nyumba ndivyo alivyomwambia siku alipowekewa hita, na kodi ikapandishwa kwa ajili hiyo. Kisha naye akaelewa. Nilimwona akielewa. Alikaa kwenye ngazi, na mikono yake mikubwa ya ujenzi ikawa haina pa kwenda. "Ningejua," alisema, "ningemwita aje akae juu kwangu."

Utapenda kusikia kwamba haki ilipatikana. Haikupatikana. Mwenye nyumba alisema ni makosa ya fundi, na fundi hajulikani aliko. Watu wa umeme walisema mita imeandikwa jina la mama, hivyo bili ni ya mama. Alipe, kisha adai kwa anayemdai. Mzee aliandika barua ya ushahidi kwa mkono wake, kurasa mbili, na kabla mwezi haujaisha akapewa notisi ya kuhama. Sisi tukapewa ya kwetu wiki moja baadaye. Sikumwona tena. Tulihamia chumba cha nyuma kwa mjomba, Hayes, na kutoka huko mama akailipa bili ile ya pili kidogo kidogo, zaidi ya miaka miwili, akipeleka kila mwezi posta. Alikuwa analipia joto la ghorofa ya juu la baridi yote ile, ambayo bibi aliipitisha chini yake amevaa soksi zangu za shule.

Mama hakuitaja habari hii miaka arubaini na zaidi. Nami sikuitaja. Tulizungumza kila kitu kingine. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akikaa nami, na alasiri moja, namkata kucha, nikajisikia nasema. Nikamwambia habari za duka la kufulia, taulo kavu, ahadi niliyoweka. Nilisema kwa haraka, bila kumwangalia.

"Nilijua," akasema mama. "Yule mama wa Jamaika alinisimamisha njiani, Januari ile ile. Akaniambia mama yako ni mtu mwema, anakunja mashuka vizuri."

Nikaacha mkasi. Nikamwuliza, kama alijua bibi hakuwa akishinda nyumbani, kwa nini basi siku ile ya bili ya pili alimwuliza vile.

Alifumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Nilitaka awepo mtu wa kumwuliza," akasema. "Na mwingine sikuwa naye."

Nilimaliza kucha zake, nikampaka mafuta mikono. Mwaka ule ule akafa. Mjomba alikuwa ametangulia. Nyumba ya bibi kule Unguja inakaliwa na watu ambao hawajui jina lake, na katika miezi ile minane aliyoishi London hatukumpiga picha hata moja. Tulikuwa tunangoja kiangazi, kukiwa na mwanga mzuri. Wanangu nikiwasimulia hunisikiliza kwa adabu, hunijibu kwa Kiingereza, hawana sura ya kuiweka kwenye hadithi. Uso wake haujulikani na mtu mwingine tena katika mji huu. Ninao mimi, na ninapoukumbuka hunijia mmoja tu: ametoka bafuni, mikono inatiririka maji, ananitazama, ameshajua nani aliyesema.